Kazi ya Kwanza Baada ya Chuo kwa Mhitimu Asiye na Uzoefu

Tangazo la kazi linapotaka "uzoefu usiopungua miaka 2", wahitimu wengi huliacha bila kulisoma hadi mwisho. Nimewahi kukaa mara kadhaa katika jopo la kuchambua maombi, hapa hapa Dar es Salaam, na ninaweza kusema kwamba mara nyingi sharti hilo huandikwa kwa hofu tu: mwajiri anaogopa kumlipa mtu mshahara wa miezi 6 huku akimfundisha kila kitu, kuanzia kupokea simu ya mteja hadi kuandika muhtasari wa kikao. Katika nafasi za chini, anachohitaji kuonyeshwa ni kwamba umewahi kukabidhiwa kazi, ukaimaliza, na yupo mtu anayeweza kulisemea hilo. Katika ajira za serikali sharti hufuatwa kama lilivyoandikwa, lakini huko pia zipo nafasi nyingi za kuanzia zisizodai uzoefu wowote.

Anzia kwenye mafunzo kwa vitendo, yaani fildi kama tulivyozoea kuiita. Wanafunzi wengi hulijaza daftari la kumbukumbu za kila siku ili msimamizi agonge muhuri, kisha wakalitupa chini ya kitanda. Litoe. Mhitimu wa uhasibu aliyefanya fildi katika halmashauri huandika kwenye CV yake: "Nilijifunza mambo mbalimbali ya uhasibu." Sentensi hiyo haina la kuulizwa. Lakini akipitia daftari lake ataona kwamba kwa wiki 8 alikuwa akipanga hati za malipo, akilinganisha kila moja na stakabadhi yake, na zile zisizo na saini akizirudisha kwa mhusika. Basi aandike hivyo hivyo: "Kwa wiki 8 nilikagua na kupanga hati za malipo za idara, wastani wa hati 30 kwa siku, nikilinganisha kila hati na stakabadhi kabla haijapelekwa kuidhinishwa." Anayesoma mstari huo hupata swali la kuuliza, na mtu ambaye jopo lina swali naye ndiye anayeitwa. Usiongeze chumvi, hata hivyo. Kama hati zilikuwa 12 kwa siku, andika 12, kwa sababu swali linalofuata huwa ni "Mlizipangaje?", na aliyebuni idadi hujikwaa hapo.

Kazi nyingine ambazo vijana huona aibu kuziandika zina uzito kuliko wanavyodhani. Aliyekaa kibandani kwa wakala wa fedha za simu wakati wa likizo ameshughulika na floti (fedha ya kuendeshea miamala), daftari la miamala, wateja wenye haraka, na hesabu ya jioni ambayo lazima ikubaliane hadi shilingi ya mwisho, la sivyo inakatwa kwenye posho yake. Mwajiri wa benki au SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, anaelewa vizuri maana ya jambo hilo. Iandike kama unavyoandika kazi yoyote: mahali, kipindi, ulichokabidhiwa.

Baada ya hapo washughulikie wadhamini wako. Matangazo ya serikali hutaka majina ya wadhamini watatu, na kampuni binafsi nyingi hufuata utaratibu huo. Nakumbuka tulimpigia simu mdhamini wa kijana mmoja ambaye karatasi zake zilitupendeza sana, yule mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Nani huyo?" Maombi yale yaliishia hapo, na sidhani kama kijana aliwahi kujua sababu. Kwa hiyo piga simu kabla ya kuandika jina la mtu. Mkumbushe kwa jambo analoweza kuliona akilini: "Shikamoo mzee. Mimi ni yule mwanafunzi wa fildi niliyekuwa nakaa karibu na kabati la mafaili, tuliyehamisha kumbukumbu pamoja mwezi wa nane." Mwombe ruhusa, mweleze ni nafasi gani unaiomba, kisha mtumie CV yako ili akiulizwa asipapase.

Kwa ajira za serikali, maombi hupitia mfumo wa Ajira Portal unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Wengi huanguka hapa kwa mambo madogo ambayo hayahusiani na akili. Fungua akaunti mapema, wakati hakuna tangazo lolote unalolikimbilia, na uandae namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) yenye tarakimu 20, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya taaluma na vya sekondari vilivyothibitishwa na wakili, pamoja na barua ya maombi yenye saini yako. Hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazipokelewi badala ya cheti chenyewe, na aliyesoma nje ya nchi anapaswa kuhakikisha vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka inayohusika, yaani TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa sekondari, au NACTVET kwa vyuo vya kati na vya ufundi. Kama jina lililo kwenye cheti halifanani na lile la NIDA, hata kwa herufi moja, anza kulishughulikia sasa hivi, kwa kuwa ni vigumu marekebisho hayo kukamilika ndani ya siku chache ambazo tangazo huwa wazi. Kutuma maombi katika mfumo huo hakulipiwi. Anayekuomba elfu hamsini "ya kusogeza faili" ni tapeli, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Ukiitwa kwenye usaili, tarajia mtihani wa mchujo wa kuandika kwanza, kisha mahojiano, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo katikati yake. Soma sehemu ya majukumu kwenye tangazo kana kwamba ni mtaala, maana huko ndiko maswali mengi hutoka. Na ukifaulu usipangiwe kituo, jina lako linaweza kubaki kwenye kanzidata na ukaitwa nafasi inapopatikana, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo.

Zipo taaluma zenye njia zake maalumu. Mhitimu wa uhandisi anaweza kujiunga na mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambao humweka chini ya mhandisi mzoefu kwa miaka 3. Wa sheria anayetaka uwakili hupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo (Law School of Tanzania), na daktari hufanya utarajali wa mwaka 1. Kwa wahitimu wa fani nyingine, serikali ina programu ya mafunzo ya uzoefu wa kazi inayowapeleka kwa waajiri mbalimbali. Fuatilia matangazo yake kama unavyofuatilia ya ajira.

Katika sekta binafsi mambo huenda tofauti, na hapa ndipo ninapowahimiza wahitimu watumie miguu yao. Kampuni ndogo za uwakala wa forodha, shule binafsi, viwanda vya kukoboa nafaka na SACCOS za mitaani mara nyingi hazitangazi nafasi popote; mtu akiondoka, mwenye ofisi huwauliza waliopo kama kuna wanayemfahamu. Ukifika asubuhi ya katikati ya wiki, ukiwa umevaa kwa heshima na una barua ya nusu ukurasa, unaweza kuwa ndiye huyo anayefahamika. Katika barua hiyo usiandike kwamba wewe ni kijana mchapakazi unayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, kwa sababu sentensi hiyo imo katika kila bahasha. Taja nafasi unayoiomba, weka ule mstari mmoja wa hati za malipo au wa floti, kisha ueleze ni lini unaweza kuanza. Ukituma kwa barua pepe, lipe faili jina lako kamili. Faili lenye jina "CV mpya kabisa 3" hupotea katikati ya mengine ya aina hiyo.

Kuhusu kujitolea, nina msimamo ambao si wote wanaukubali. Kujitolea kunafaa kukiwa na mwisho. Kabla ya kuanza, omba barua inayotaja muda, majukumu na msimamizi wako, na uulize kama kuna fedha ya nauli na chakula. Miezi mitatu inatosha kumwonyesha mwajiri uwezo wako. Ikifika sita bila neno lolote la mkataba, chukua barua yako ya utumishi na uendelee na safari, kwa kuwa ofisi iliyozoea kazi ya bure haina haraka ya kuilipia.

Siku utakapopewa mkataba, usome kabla ya kusaini, hata kama mkono unatetemeka kwa furaha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi kwa maandishi, na kanuni zake zinataka kipindi cha majaribio kisizidi miezi 12. Uliza pia kama mshahara unaotajwa ni wa mkononi au ni kabla ya makato. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 600,000, mchango wako wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ukiwa asilimia 10 ni 60,000, na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) makato ya asilimia 15 ni 90,000. Hapo zimebaki 450,000, kodi ya mapato bado haijakatwa, na hesabu ya chumba na daladala ni vyema ianzie kwenye kiasi kitakachobaki baada ya kodi hiyo.