Esta kwenye oili: jinsi ya kulegeza ukoko ndani ya injini

Gari likianza kula oili bila kuvuja popote, mshukiwa wa kwanza ni ringi ya oili, ile ya chini kabisa kwenye pistoni. Oili iliyoungua inageuka ukoko ndani ya mfereji wake, vitundu vya kurudishia oili vinaziba, na ringi inakwama isiweze kuipangusa silinda. Dawa za kusafisha zenye esta (kimiminika kinachotokana na asidi na alkoholi kuungana) zimekusudiwa ukoko huo.

Kuna dawa nyingine, zile za haraka, za jamii ya mafuta ya taa: unamimina, unaacha injini kwenye silensa (ikiwaka, gari limesimama) dakika 10, kisha unamwaga. Zinatoa tope laini, lakini ukoko wa ringi hauwezi kulainika kwa dakika 10, na muda wote huo oili imekuwa nyepesi mno. Esta inafanya kazi kama maji kwenye sufuria ya wali: hukwangui, unaloweka. Molekuli yake ina oksijeni, na sehemu hiyo ina mvuto wa umeme ambao mafuta ya msingi ya oili hayana. Oili iliyoungua nayo imeshabeba oksijeni, kwa hiyo esta inaing'ang'ania, inaipenya na kuilegeza tabaka kwa tabaka. Taka inayotoka inaelea ndani ya oili mpaka inaswe na filta au imwagwe. Ni kazi ya maelfu ya kilomita. (Mafuta ya kupikia pia ni esta, lakini usiyatie kamwe: kwenye joto la injini yanageuka gundi.)

Kabla ya kununua chochote, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani kwa tochi. Ukiona utandu wa kahawia juu ya chuma, endelea. Ukiona tope zito kama grisi, acha; shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwanza uisafishe pamoja na chujio la pampu. Tope hilo likibanduka kwa mabonge, chujio linaziba, presha inashuka na beringi zinakauka.

Tuchukue 1NZ-FE, injini ya Vitz, IST na Probox nyingi. Inaingia lita 3.7 pamoja na filta. Mwaga oili ikiwa ya moto, funga filta mpya. Kama chupa inasema asilimia 10, tia mililita 370 za dawa na lita 3.3 za oili. Dawa inachukua nafasi ya oili, haiongezwi juu yake. Ukivuka alama ya juu ya kijiti cha kupimia oili, kranki inaipiga oili mpaka povu. Wala usizidishe kipimo ukidhani itasafisha haraka: esta ikizidi inavimbisha na kulainisha sili za mpira.

Endesha safari ndefu. Gari la kwenda sokoni na kurudi halipati joto la kutosha, maji yanabaki kwenye oili, na maji yakikutana na esta yanaivunja kuwa asidi na alkoholi.

Ukifika kilomita 1,000 badilisha filta peke yake, kisha jazia oili iliyopungua, kama mililita 300. Watu wengi wanairuka hatua hii, na kuiruka ndiko kwenye hatari: filta ikijaa, vali yake ya pembeni inafunguka na oili chafu inapita bila kuchujwa. Kwenye kilomita 5,000 mwaga yote. Oili kuwa nyeusi mapema ni dalili kwamba taka inatoka.

Pima kijiti kila kilomita 500, gari likiwa sehemu tambarare na limezimwa dakika 5, uandike. Nafuu inaweza kuonekana kwenye servisi ya pili au ya tatu. Taa ya oili ikiwaka, zima papo hapo. Sili iliyokuwa imezibwa na uchafu inaweza kuanza kuvuja, hiyo ibadilishwe. Na kama moshi wa bluu unatoka asubuhi tu unapowasha, hizo ni sili za vali, na kusafisha ukoko hakuzitibu.

Filta ya zamani usiitupe. Ikate, tandaza karatasi yake, isugue kwa kidole. Chembe nyeusi zinazosagika ni ukoko uliotoka kwenye injini. Zinazong'aa na kunasa kwenye sumaku ni chuma. Hapo peleka gari kwa fundi akague injini.