Picha za kwanza kwa kamera ya CCD: maliza fokasi kwanza

Karibu kila anayevunjika moyo usiku wa kwanza wa kupiga picha za anga kwa kamera ya CCD (kamera ya sensa ya kielektroniki inayofungwa kwenye darubini) huwa amerukia nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, kabla hajapata fokasi. Mpaka nyota iwe nukta, hakuna kingine cha kupiga.

Anza jioni, mwanga ukiwa umepungua lakini bado unaona unachokishika. Funga kamera kwenye darubini, elekeza kwenye mlingoti ulio mbali sana, piga picha ya sehemu ya kumi ya sekunde. Ikitoka nyeupe tupu, funika mdomo wa darubini kwa kadibodi yenye tundu dogo. Zungusha fokasi mpaka mlingoti uonekane, kisha weka alama ya kalamu kwenye bomba la fokasi. Alama hiyo itakuokolea saa nzima gizani, maana nyota iliyo nje kabisa ya fokasi husambaa hadi isionekane, ukadhani umeikosa.

Washa mapema kipoza cha kamera, kinachopoza sensa. Chenga za joto, yaani vidoa vinavyotokana na joto la sensa, hupungua kwa takriban nusu kila sensa inaposhuka nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Hewa ikiwa nyuzi 20, nyuzi 10 chini ya sifuri zinatosha. Kipoza kikivuka asilimia 80 ya nguvu yake, pandisha kidogo joto ulilolenga. Kikielemewa, joto litayumba na fremu zako za giza (picha zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa, ili kuondoa chenga) hazitalingana na picha.

Kutafuta nyota nako kuna mtego. Sensa ya milimita 9 kwa 7 kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa milimita 1000 huona zaidi kidogo tu ya nusu digrii ya anga kwa upande wake mrefu, na pungufu ya hapo kwa upande mfupi. Hata Mwezi hauenei wote. Kwa hiyo linganisha darubini ndogo ya kutafutia na ile kubwa kabla giza halijaingia.

Sasa fokasi yenyewe. Chagua nyota ya wastani, si ile inayong'aa kuliko zote, maana pikseli zikijaa (65,535 kwenye kamera ya biti 16) nyota huvimba, na kwenye baadhi ya sensa humwaga mstari mweupe juu na chini. Kwenye programu, unganisha pikseli 2 kwa 2 (nne zihesabiwe kama moja) ili picha zishuke haraka, piga za sekunde 2 au 3. Chini ya sekunde moja utakuwa unakimbizana na mtikisiko wa hewa, si na fokasi. Kwenye darubini ya kioo nyota itaanza kama pete nene. Sogeza, subiri mtetemo utulie, piga, tazama. Pete ikinywea, punguza hatua. Ikianza kukua tena, umepita, rudi. Malizia kwa pikseli kamili, ukisoma upana wa nyota kwenye programu badala ya kuamini macho. Kifuniko cha Bahtinov, chenye mianya inayoifanya nyota itoe miale mitatu, hurahisisha kazi: mwale wa kati ukae katikati ya ile miwili inayokatana. Kaza skrubu, kisha piga tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe huweza kusogeza fokasi.

Halafu piga sekunde 5, 30, 60 za nyota zilezile. Zikiwa duara kwa 5 na vijistari kwa 60, tatizo ni ulinganisho wa ncha ya anga (kuelekeza mhimili wa kitako cha darubini kwenye ncha ambayo anga huonekana kuizunguka) au mota inayoifuatisha darubini na nyota. Zikiwa nzuri katikati na kuvutika pembeni tu, kamera imekaa mshazari au umbali wake kutoka kwenye lenzi ya kusahihisha si sahihi.

Ukipata muda unaokubalika, piga picha 10 au zaidi na uzihifadhi kama FITS, aina ya faili ya picha za anga inayotunza data yote. JPEG hutupa data. Funika darubini, piga fremu 15 za giza kwa joto na muda uleule. Kabla hujagusa fokasi wala kuzungusha kamera, piga pia fremu za mwanga sawia (picha za uso wenye mwanga ulio sawa kote), wastani wa thamani ya pikseli zake uwe kati ya 20,000 na 30,000, ili kufuta vivuli vya vumbi. Zisipungue sekunde 2 au 3 kila moja, la sivyo kivuli cha shata (kifuniko kinachofunguka na kufunga mbele ya sensa) kitabaki kwenye fremu na kuharibu kile ulichotaka kurekebisha.