Somo: Kunakili mifereji ya CD kwenye jeli ya agarosi

Agarosi, polima asilia itokanayo na mwani mwekundu, huyeyuka karibu na nyuzi 90 za Selsiasi lakini haigandi mpaka ipoe kufikia takriban nyuzi 36, na katika nafasi hiyo tunapata muda wa kuimimina ikapenya kwenye mifereji myembamba kuliko unywele. Kalibu yetu ni CD tupu ya kuandikia, ambayo mifereji yake imepishana kwa mikromita 1.6.

Kwanza, kwaruza kidogo upande wenye maandishi, bandika selotepu, vuta utando unaong'aa ung'oke, kisha suuza plastiki kwa spiriti. Mifereji iko upande huo uliobanduliwa. Anayemimina upande wa pili hupata jeli isiyo na alama yoyote.

Pili, chemsha gramu 2 za agarosi katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa mpaka zisionekane chembe zinazoelea, kisha subiri ipoe hadi nyuzi 60 na viputo viibuke juu. Tafadhali usiharakishe hapa, kwa sababu kiputo cha milimita moja kikinaswa chini hufuta mifereji zaidi ya 600. Laza kipande cha plastiki kwenye kisahani, umimine kutoka ukingoni.

Tatu, baada ya nusu saa kwenye friji, kata kingo kwa wembe, dondoshea maji, na ubandue taratibu. Ukiinamisha jeli dirishani utaona rangi za upinde wa mvua zikitembea juu yake. Pitisha leza nyekundu ya nanomita 650, ambayo mifereji itaigawa kuwa nukta kadhaa: kwenye ukuta ulio umbali wa mita moja, nukta ya pembeni iwe takriban sentimita 44 kutoka ile ya kati. Ikizidi hapo, jeli imesinyaa kwa kukauka, ihifadhi majini.

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, jelatini yafaa?

Jibu: Marahaba. Hunakili vizuri, ila joto la mchana wa Dar es Salaam laweza kuiyeyusha mezani. Ubora wake ni kwamba seli hai huishikilia na kujipanga kufuata mifereji, jambo ambalo agarosi tupu hairuhusu; ndiyo maana maabara huikaza kwa kimeng'enya cha transglutaminasi ili istahimili nyuzi 37.

Swali: Na mwani wetu wa Zanzibar?

Jibu: Huo hutoa karajinani, kigandishi cha aina nyingine, si agarosi. Karajinani ya cottonii, aina mojawapo ya mwani huo, hukaza ikiongezewa chumvi ya potasiamu, nami ningependa uijaribu. Ile ya spinosum, aina ya pili, ni laini mno, itachanika wakati wa kubandua.