Jinsi ya kutabiri klasi zitakazopanda na zitakazoshuka kwenye upanuzi ujao wa World of Warcraft

Upanuzi mpya ukikaribia, swali ninaloulizwa na wachezaji ni lilelile: nianze na klasi gani, yaani aina gani ya mhusika? Wengi hufungua orodha ya klasi bora za leo, wakachukua iliyo juu kabisa, wakaipandisha leveli kwa juhudi, kisha reidi ya kwanza (pambano kubwa la kundi) inafunguliwa na klasi hiyo iko katikati ya msafara. Orodha haikuwadanganya. Ilipima mchezo uliokuwa unafika mwisho wake.

Njia ninayoitumia ni kuuliza nguvu ya klasi inatoka wapi, halafu kuangalia ni vyanzo gani vitavuka kuingia upanuzi mpya. Nitatumia World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa studio ya Blizzard, kwa sababu rekodi yake ni ndefu, tangu upanuzi wa The Burning Crusade wa Januari 2007. Mbele yetu iko The Last Titan, sehemu ya tatu ya simulizi ambayo Chris Metzen wa Blizzard aliitangaza kwenye BlizzCon, mkutano wa studio hiyo, Novemba 2023 pamoja na The War Within na Midnight. Bado kuna muda wa kutosha wa kujizoeza.

Hatua ya 1: Andika vyanzo vya nguvu

Chagua tawi moja (mtindo mmoja wa kupigana) la klasi unayoifahamu. Usianze na zote. The War Within peke yake ilikuwa na klasi 13 zenye matawi 39. Kwenye karatasi, gawa nguvu ya tawi lako katika mafungu manne: mbinu za msingi pamoja na mti wa vipaji (uwezo ambao mchezaji huchagua), takwimu zinazotoka kwenye vifaa, bonasi ya seti ya msimu (vifaa vinavyovaliwa pamoja), na nguvu ya kuazima, yaani mfumo uliotengenezwa kwa ajili ya upanuzi mmoja tu.

Ili kujua kila fungu lina uzito gani, tumia SimulationCraft, programu inayokadiria dameji (madhara kwa adui) ya mhusika, au tovuti ya Raidbots kama hutaki kusakinisha kitu. Endesha mhusika wako jinsi alivyo, kisha mvue vipande vya seti na uendeshe tena. Tofauti unayoiona ndiyo mchango wa seti. Fanya vivyo hivyo kwa mafungu mengine.

Hatua ya 2: Futa kinachokufa

Bonasi ya seti huachwa nyuma, kwa hiyo ifute. Nguvu ya kuazima nayo kwa kawaida hufutwa. Silaha za kale za upanuzi wa Legion wa 2016 zilizimwa kabla ya upanuzi uliofuata, Battle for Azeroth, kutoka Agosti 2018, na matawi yaliyokuwa yamejengwa juu ya sifa za silaha hizo yalibaki na mashimo kwenye mpangilio wao wa mapigo.

Lakini usifute kwa upofu. Dragonflight ilipotoka Novemba 2022, mti wa vipaji ulirudi, na watengenezaji walikuwa na nafasi nyingi za kujaza. Walizijaza kwa kiasi kikubwa na vitu vya Shadowlands, upanuzi uliotangulia: Convoke the Spirits ya klasi ya Druid na Divine Toll ya klasi ya Paladin zilikuwa mbinu za makundi ya agano ambayo mchezaji alichagua kujiunga nayo, zikageuka vipaji vya kudumu. Kwa hiyo jiulize maswali mawili. Je, upanuzi mpya una mfumo unaohitaji kujazwa? Je, wachezaji wa tawi hilo wanaipenda mbinu hiyo kiasi kwamba kuiondoa kutaleta kilio? Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, usiifute. Iweke na makali yaliyopungua.

Hatua ya 3: Rudisha takwimu chini

Hapa ndipo utabiri mwingi hukosea, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Kila upanuzi unapopandisha kikomo cha leveli, pointi zinazohitajika ili kupata asilimia moja ya kriti (nafasi ya pigo kuwa na nguvu zaidi), kasi au umahiri (bonasi maalumu ya tawi) huongezeka sana. Mhusika aliyemaliza upanuzi akiwa na kriti ya kutisha atafika leveli ya mwisho ya upanuzi mpya akiwa na sehemu ndogo tu ya asilimia zile, ingawa dameji yake kwa namba imepanda. Matawi ambayo mashine yao inategemea asilimia hizo hupoteza mara mbili: kila pigo linadhoofika, na mapigo yenyewe yanapungua.

Mfano bora ni Mage wa moto, yaani tawi la moto la klasi ya Mage. Kriti mbili mfululizo humpa Pyroblast (pigo lake kubwa la moto) ya papo hapo, na umahiri wake huwasha moto unaoendelea kuunguza adui. Kriti ikiwa ndogo, Pyroblast za bure zinachelewa na moto nao unapungua. Ndiyo maana sifa yake kwa miaka mingi imekuwa kuanza upanuzi kwa unyonge na kumaliza akiwa tishio. Warrior wa mchezo wa awali wa 2004 alikuwa na mzunguko wa aina hiyo: dameji ya silaha ilizaa hasira, hasira ikalipia mapigo, kwa hiyo silaha bora ilimwongezea nguvu pande mbili.

Kwa hiyo chukua tawi lako na uliendeshe kwenye SimulationCraft ukiwa umepunguza kriti, kasi na umahiri hadi karibu nusu. Fanya hivyo kwa matawi matano au sita uyalinganishe. Lile linaloporomoka kuliko wenzake, litabirie mwanzo mgumu na msimu wa mwisho mzuri. Lile linalotikisika kidogo tu litaonekana limeongezwa makali siku ya kwanza, hata kama hakuna mtu aliyeligusa. Kumbuka pia kwamba tangu Shadowlands ya 2020, asilimia za takwimu hizi zikivuka 30 huanza kukatwa, hivyo kilele cha mwisho wa upanuzi hakipandi bila mpaka kama zamani.

Hatua ya 4: Soma majaribio kwa mpangilio wake

Kwenye alfa, jaribio la awali la upanuzi, tazama maumbo na uache namba. Mbinu gani imeondolewa, ipi imeunganishwa na nyingine, ipi imewekewa kikomo cha maadui inaowapiga? Shadowlands iliweka vikomo hivyo kwa mbinu nyingi, na matawi yaliyobaki bila kikomo yakapata thamani kubwa kwenye makundi makubwa ya maadui. Hilo lilionekana mapema kwa aliyekuwa anasoma maumbo.

Namba za dameji hupangwa mwishoni, mara nyingi wiki chache kabla ya reidi kufunguliwa. Mtu anayekuambia kwenye alfa kwamba tawi fulani linaongoza kwa asilimia kadhaa anakupa taarifa itakayofutwa. Lakini tawi lililopitia alfa na nusu ya beta (jaribio linalofuata) bila kuguswa kabisa, huku wachezaji wakilalamika kwa hoja, lichukulie kwa uzito. Kasoro za namba hutibiwa kwa mstari mmoja wa marekebisho, ilhali kasoro za umbo mara nyingi husubiri pachi kubwa, yaani sasisho kubwa la mchezo.

Soma pia sababu ambazo studio inazitoa. Kabla ya Midnight, Blizzard ilieleza kwamba itazuia programu-jalizi zinazofanya maamuzi ya kupambana kwa niaba ya mchezaji. Aliyesikia hilo angeweza kutabiri mara moja kwamba matawi yenye mambo mengi ya kufuatilia kwa jicho yatarahisishwa, kwa sababu msaada wao mkubwa ulikuwa unaondolewa.

Hatua ya 5: Mtenge mgeni

Klasi au tawi jipya lina kanuni zake. Death Knight ilipokuja na Wrath of the Lich King mwaka 2008 ilikuwa na nguvu kupita kiasi, ikapunguzwa makali mara kadhaa. Augmentation, tawi la klasi ya Evoker, iliyoingia Julai 2023 kwenye pachi 10.1.5, ilitoa somo gumu zaidi, kwa kuwa kazi yake ni kuwaongezea wenzake nguvu. Mchango wake ulianza kwa kuhesabiwa kwenye majina ya wengine, na marekebisho ya kuipunguza yalifuata haraka. Kwa mgeni wa aina yoyote, tabiri mwanzo wa nguvu na kupunguzwa ndani ya msimu wa kwanza. Kwa mgeni anayesaidia wengine, usiamini jedwali lolote la dameji linalompima peke yake.

Hatua ya 6: Tenganisha nguvu na nafasi

Tovuti ya Warcraft Logs itakuonyesha ni matawi gani yanaonekana zaidi kwenye reidi za Mythic, kiwango kigumu zaidi, ambazo huchukua watu 20. Usidhani kwamba wingi ni nguvu. Tangu 2018, baraka nyingi za kundi zimerudi kuwa mali ya klasi moja moja: Demon Hunter anaongeza dameji ya kichawi ambayo adui anapokea, Monk anaongeza ile ya mapigo ya mwili, Mage anaongeza akili. Kundi litamchukua mmoja wao hata tawi lake likiwa dhaifu, na mara nyingi litaishia kwa huyohuyo mmoja. Linganisha wachezaji wa katikati wa kila tawi pamoja na wale wa juu. Tawi lenye kilele kirefu na katikati duni huwa gumu kulitabiri, kwani studio ikiliongeza nguvu kwa ajili ya wengi, mabingwa wake wanavuka mipaka.

Hatua ya 7: Andika utabiri wako na uupime

Kwa kila tawi andika mwelekeo (juu, chini, palepale), sababu kwa sentensi moja, na kiwango cha uhakika wako. Sababu ndiyo muhimu. Ukisema Mage wa moto atashuka kwa sababu ya kriti, halafu akashuka kwa sababu mbinu yake ya Combustion imebadilishwa, hesabu hiyo kuwa umekosa.

Baada ya reidi kufunguliwa, fuata matengenezo ya kila wiki, Jumanne kwa seva za Marekani na Jumatano kwa za Ulaya. Ongezeko la jumla la asilimia chache kwa dameji yote ya tawi lina maana kwamba studio imeridhika na umbo lake. Mabadiliko yakigusa mbinu mojamoja, rudi hatua ya 4 ulisome tawi hilo upya kabla ya msimu wa pili.