Kurejesha Bampa la Kromu la MGB

Mabampa ya kromu (chuma kilichopakwa metali hiyo ing'aayo) ya MGB, gari la Kiingereza lililoingia sokoni mwaka 1962, yalidumu hadi 1974, yalipobadilishwa na yale meusi ya mpira ili kutimiza sheria za Marekani. Kwa hiyo bampa la chuma ulilonalo mkononi limetimiza nusu karne, nalo linastahili subira.

Kabla ya kulifungua, mwagia bolti mafuta ya kulegeza kutu na uziache zilale hivyo usiku kucha, kwani zikikatika, kazi huongezeka maradufu. Kisha lifungue na uligeuze. Kutu mbaya hujificha upande wa nyuma, ambako kromu haikuwahi kukolea. Gongagonga taratibu kwa ncha ya bisibisi, na pale chuma kinapotoboka, pachomelewe kipande kipya.

Usijaribu kamwe kulipaka kromu kwa kulichovya nyumbani, maana kemikali za kawaida za kazi hiyo husababisha saratani. Lipeleke kwa fundi mwenye karakana ya kazi hiyo, umwombe akueleze tabaka atakazoweka: shaba, ambayo hujaza vishimo na kusuguliwa, nikeli, ambayo ndiyo hasa huzuia kutu na kuleta mng'ao, na mwisho kromu, ambayo kwa kawaida haifikii hata unene wa maikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwa maoni yangu, usuguaji wa chuma ndio unaoamua kila kitu, kwa sababu kromu haifichi dosari: mkwaruzo unaouhisi kwa ukucha leo utaonekana waziwazi kesho juani.

Likirudi, paka nta upande wa ndani kabla ya kulifunga.