Jinsi ya kupenyeza tenki la mvua na taa za sola za mtaa wako kwenye bajeti ya manispaa

Watu wa Kigoma tunaijua sola kuliko tunavyojidhania, mana wavuvi wa dagaa, zile karabai za mafuta walishaanza kuziacha kitambo, ukisimama Kibirizi usiku ukatazama ziwani unaona taa za betri zimetapakaa kama mji mwingine. Mtu alipiga hesabu ya mafuta ya taa akaona yanamla, basi, kaacha. Hesabu ile ile inafaa kwa zahanati, shule, soko na barabara za mtaa, ila huko hela ni ya manispaa na ina njia yake ya kupita. Naiandika hapa kwa yeyote aliyechoka kulalamika kijiweni.

Anza na kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo ukimfuata mtendaji mwezi wa tano na barua yako mkononi umeshachelewa, bajeti imepita kwa madiwani zamani na sasa wabunge wanaichambua Dodoma. Kazi yenyewe inafanyika kama Novemba mpaka Februari, so mkutano wa mtaa wa kulisemea jambo lako uwe Septemba au Oktoba. Na siku ya mkutano mwombe mwenyekiti achague kipindi cha mbalamwezi, sitanii jamani, giza likiwepo nusu ya wanaume wa mwaloni wako ziwani na mchana wamelala, mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa kwa hiyo watu wako nyumbani wanashona nyavu. Hapo ndo unapata akidi.

Nenda na ombi moja. Ukienda na kumi yataandikwa kumi na hakuna litakalofika.

Mimi ningeanza na maji ya mvua kwenye zahanati au shule, halina mbwembwe ila hesabu yake mtu yeyote anaielewa: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 80, na Kigoma mvua ya mwaka ni kama milimita 1,000, hiyo ni lita 80,000, toa moja ya tano ya kumwagika na kuvuja unabaki na 64,000, yaani madumu 3,200 ya lita 20. Utamu huo. Sasa shida ni kiangazi, Juni mpaka Septemba hamna kitu, na tenki la lita 10,000 likigawanywa miezi minne ni madumu manne tu kwa siku. Kunawa mikono zahanati yanatosha, vyoo vya shule nzima hayatoshi, kwa hiyo usikubali kuandikiwa tenki moja halafu ukaambiwa tatizo la maji limeisha. Na gata ziwemo kwenye hesabu! Nimeona tenki jipya kabisa limekaa pembeni ya jengo ambalo halina gata hata moja.

Kama mnataka taa za barabarani, uliza kwanza barabara ni ya nani. Za mitaani nyingi ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, zile kubwa za mkoa ni TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ukipeleka ombi kusiko utazungushwa mwaka mzima na kila anayekuzungusha atakuwa na haki. Halafu betri. Kuna mtaa niliwahi kukaa, siutaji, taa za sola ziliwekwa watu wakapiga picha, baada ya muda zikaanza kuzimika moja moja mpaka mtaa ukawa giza na nguzo zimesimama tu watu wanafungia mbuzi. Paneli hazikuwa na shida, paneli inaweza kwenda miaka 20 na zaidi, kilichokufa ni betri na hakuna mahali popote palipoandikwa hela ya betri mpya. Kwa hiyo kwenye ombi lenu andikeni kabisa: betri iwe ya lithiamu, na kila mwaka kitengwe kifungu cha matengenezo. Wakikwambia hela haitoshi, bora taa 6 zenye matengenezo kuliko 10 bila.

Mkikubaliana mkutanoni hakikisha limeandikwa kwenye muhtasari, watu wasaini, piga picha kila ukurasa. Kutoka hapo linaenda kamati ya maendeleo ya kata ambako diwani ndo mwenyekiti, kisha manispaa. Mtafute diwani kabla ya kikao, sio baada. Na mkiwa mmeshaanza kitu wenyewe, mmechimba msingi wa tenki au mmekusanya mawe na mchanga, mna nguvu zaidi, O&OD, ule utaratibu wa serikali wa kupanga maendeleo kuanzia mtaani, inataka hivyo, wananchi waibue wenyewe na serikali iongezee. Baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza, nendeni hata watatu.

Kuna atakayesema manispaa haina hela. Mwambie 2024 mamlaka ya maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa ajili ya mradi wa kutunza mazingira, walitaka shilingi bilioni 53.12 wakapata zaidi ya hapo. Sisi hatujafika huko na sidhani kama ni kesho, ila ni kweli kwamba huduma ya umma yenye mapato ya kueleweka inakopesheka.

Kuhusu miti, kwa kifupi tu: omba miche, panda Novemba mvua ikishika, na mti usio na jina la mtu wa kuulinda ni chakula cha mbuzi.

Siku ya makabidhiano msiishie kwenye vigelegele. Fungua bomba la tenki, muulize fundi betri ina dhamana ya muda gani, piga picha ya lebo yake, na namba ya simu ya anayehusika na matengenezo iandikwe kwa rangi ukutani.