Kuotesha Correa kwa Vipandikizi

Mbegu za Correa, vichaka vya Australia vya jamii ya michungwa, ni ngumu kuota, kwa hiyo tumia vipandikizi. Mwezi Machi, joto la huko likianza kupungua, kata asubuhi ncha za matawi zenye sentimita 7 hadi 10, zilizoanza kukakamaa. Ncha laini mno hunyauka upesi. Kata chini kidogo ya kifundo (mahali jani linapochipuka kwenye tawi), pukutisha majani ya nusu ya chini na uondoe maua yote, maana hunyang'anya mizizi chakula. Chomeka kwenye mchanga mkubwa uliochanganywa na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano) nusu kwa nusu, funika kwa plastiki, weka kivulini. Subiri wiki sita hivi bila kuvivutavuta! Maji yakituama, shina huoza. Baadaye epuka mbolea yenye fosforasi nyingi.